Kabla Hatujapigwa Picha

Asubuhi ya leo tumeombwa tuseme nanyi juu ya kujiandaa. Tulipofikiri tuseme maandalio gani, tuliona afadhali tuseme yale tunayoyajua, yaani jinsi sisi watoto wa nyumba moja ya Nyamarambe, huko Mugirango Kusini, tulivyojiandaa kwenda Mombasa kupigwa picha ya jamaa kando ya bahari.

Msicheke kwanza. Ni jambo dogo, lakini lilitushika karibu mwaka mzima.

Wazazi wetu walifunga arusi ya kanisani mwaka 1974. Baada ya ibada walipanda gari pamoja na wasimamizi wao hadi mjini Kisii, wakaingia katika chumba cha mpiga picha, wakapigwa picha moja tu, nyeusi na nyeupe. Nyuma yao palitundikwa pazia lililochorwa bahari: mawimbi, minazi miwili, na meli yenye moshi. Baba alikuwa hajaiona bahari. Mama alikuwa hajaliona hata ziwa. Lakini wamesimama pale wima, viatu vinang'aa, kana kwamba meli ile inawangoja wao.

Vijana wa siku hizi huona ajabu, lakini pazia kama hilo lilikuwa kitu cha kawaida. Wapiga picha wa mijini walikuwa na bustani za kuchora, ngazi za kuchora, na ndege za kuchora. Hata pwani kwenyewe, kwenye kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990 wapiga picha walitundika vitambaa vilivyochorwa meli, huku meli za kweli zikipita karibu nao. Mtu hataki picha ya mahali alipo tu. Hutaka pia picha ya mahali anapotamani kufika.

Picha ile Mama aliitia ndani ya Biblia yake kubwa, ikakaa humo miaka yote. Picha yake ya pili ilikuwa ile ya kitambulisho, maana wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa na kupewa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Katika hiyo ya kitambulisho hacheki. Anasema aliamriwa asicheke, na yeye ni mtu wa kutii serikali.

Tulizaliwa saba. Baba ni mchongaji wa mawe ya Tabaka, yale mawe laini ambayo watalii huyanunua yakiwa na umbo la kiboko au sahani au watu waliokumbatiana. Baba akichonga, Mama akiyasugua kwa msasa na maji mpaka yateleze. Mawe hayo yametusomesha sisi sote, na yamemwachia Baba vumbi kifuani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alikohoa majuma matatu mfululizo, na daktari akatuita kando akatueleza kwa upole kwamba kama kuna safari yo yote tuliyokuwa tukiiahirisha, tusiiahirishe tena.

Basi hapo ndipo lilipozuka wazo. Wazazi wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, nasi tutawapeleka wakasimame mbele ya bahari ya kweli, pamoja na watoto na wajukuu.

Mdogo wetu alitoa shauri kwamba twende Homa Bay. Kutoka kwetu unashuka kwa Rongo, unapita Rodi Kopany, na kabla ya chakula cha mchana umefika ziwani. Alisema maji ya mto wetu Gucha huishia katika ziwa hilo hilo, kwa hiyo ni kama tunayafuata maji yetu. Kwa haki, alikuwa na hoja nzuri, na ingekuwa rahisi sana kwa mfuko. Lakini Mama alikataa. Alisema anataka kuonja kama ni kweli maji yale yana chumvi.

Tukaanza kazi. Tuliunda kundi katika simu, kila mtu akatajiwa mchango wake kila mwezi. Tuliandika orodha ya watu ishirini na watatu. Tuliulizia nauli ya basi hadi Nairobi, na nauli ya treni mpya inayoteremka hadi Mombasa tangu mwaka 2017. Tulipata mpiga picha kwa njia ya ndugu mmoja wa kanisa anayekaa huko, naye akatuuliza maswali ambayo hatukuyatazamia: mtakuja tarehe gani, kwa kuwa kuna siku za bamvu, ambapo maji hujaa mpaka ukutani mwa nyumba yakafunika mchanga wote, kisha hupwa mbali mkaona mwani na mawe matupu, na mtapenda saa ngapi, kwa kuwa upande ule jua huchomoza baharini, na mtu akisimama asubuhi na bahari mgongoni, uso wake huwa giza. Tufike saa kumi alasiri, alisema, jua likiwa upande wa bara, liwamulike nyuso zenu. Na wazee wasipakwe mafuta mengi usoni.

Nasi tukayatimiza yote haya kwa bidii kubwa. Kisha likaja jambo la sare. Ee ndugu zetu, jambo la sare! Wengine walitaka nyeupe, mpaka tulipokumbuka jinsi udongo wetu mwekundu unavyoitendea nguo nyeupe hata kabla hujafika barabarani. Wengine walitaka bluu, wakaambiwa kwamba bahari nayo ni bluu, hatutaonekana. Shemeji zetu hawakusemezana kwa siku nne juu ya mikono mirefu na mifupi. Mwishowe tulichagua kitambaa cha rangi ya dhahabu iliyokolea, tukakinunua chote dukani, tukampelekea fundi cherehani sokoni Nyamarambe. Kitambaa na ushonaji vikatugharimu shilingi 27,600. Hesabu hii ishikeni kidogo.

Jioni moja, mwezi wa Septemba, tukaketi nyumbani sisi watano kumsomea Mama orodha. Mama alihesabu kwa vidole tulipokuwa tukisoma. Tulipomaliza alibakiza kidole kimoja hakijakunjwa, akauliza, "Na yule?"

Mmoja wetu akajibu upesi, "Yule hayumo katika kundi la simu, Mama."

Jibu hilo lilikuwa kweli. Hakuwamo, kwa sababu tulikuwa hatukumwingiza.

Hapa hatuna budi kuwaeleza jambo ambalo tungependa lisijulikane. Mwaka 2009 dada yetu alifariki. Alikuwa mwalimu. Majirani na makanisa walichanga kwa wema mno, na ndugu yetu wa pili alichaguliwa kuwa mtunza fedha. Baada ya maziko tuliketi kufanya hesabu, zikapungua shilingi 18,400. Yeye alisema zimekwenda katika gharama ambazo hakuna aliyeandika, za gari, za maturubai, za chakula cha usiku ule wa mvua. Sisi tulisema mengine. Tulimwita mwizi mbele ya mke wake, na mbele ya watu waliokuwa bado wanakunja viti. Alitoka usiku huo, akaenda kukaa mji mmoja ng'ambo ya Bonde la Ufa, akawa harudi ila kwa siku moja moja, akimwamkia Mama jikoni na kuondoka kabla hatujafika.

Kuna jambo jingine dogo. Dada yetu hakuwa na picha nzuri ya peke yake. Kwa hiyo ile iliyochapishwa katika karatasi ya ibada ya maziko ilikatwa kutoka picha ya kundi, aliyopigwa siku alipohitimu chuo cha ualimu. Mchapaji aliwakata watu wote waliokuwa kando yake, lakini mkono mmoja hakuweza kuuondoa, kwa kuwa ulikuwa umewekwa begani pake. Ukiitazama karatasi ile hata leo utamwona dada anacheka, na begani pana vidole vinne vya mtu asiyekuwapo. Ni mkono wa ndugu yetu huyo. Siku hiyo alikuwa amesafiri usiku kucha ili ampongeze.

Mama hakutukaripia. Alikwenda chumbani, akarudi na Biblia yake, akaitoa picha ya mwaka 1974 akaiweka mezani chini ya taa. Akasema, "Hapa bahari ilikuwa ya kuchorwa, lakini watu walikuwa wametimia." Kisha akatuambia kwamba kama hatakuwako yule, yeye atabaki Nyamarambe na kuku wake, na Baba anaweza kwenda akitaka. Baba akasema hataki.

Wasikilizaji, mnakijua kisa cha nabii Samweli katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Wahubiri hukipenda kwa ajili ya neno lile kwamba Bwana hatazami sura na kimo kama watazamavyo wanadamu, bali huutazama moyo. Ni neno jema, lakini sisi jioni ile tulikwama mahali pengine katika sura hiyo. Mzee Yese amealikwa kwenye sadaka, amewaleta wanawe, wamejitakasa, wamepita mbele ya nabii mmoja baada ya mwingine, wote saba. Ni karibu sawa na kujipanga kwa picha. Ndipo nabii akauliza kama hao ndio wote. Yese akajibu kwamba yuko mdogo, lakini yuko malishoni. Naye Samweli akasema hawataketi mpaka aletwe.

Kifikirini kikao kile. Mzee amevaa, wazee wa mji wamekuja, nyama iko tayari, na watu wazima wote wanamngojea kijana wa kondoo. Wala tusimdhanie Yese kuwa alimchukia mwanawe. Hakusema neno baya juu yake. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri: kondoo hawawezi kujichunga. Sisi tunaona ndivyo mtu anavyoachwa nje ya orodha mara nyingi. Ni mara chache watu huketi wakakata shauri kumtupa ndugu yao. Husema yuko mbali, ana kazi nyingi, nauli ni ghali, mke wake ni mgumu, hayumo katika kundi la simu. Miaka kumi na mitano hupita hivyo, na kila mwaka una sababu yake nzuri.

Usiku ule mmoja wetu alipiga hesabu nyuma ya daftari la michango. Sare peke yake, shilingi 27,600. Upungufu wa mwaka 2009, shilingi 18,400. Tulikuwa tumelipa bila kunung'unika, kwa nguo za kuvaa alasiri moja, fedha nyingi kuliko zile tulizomkosea ndugu yetu. Hakuna aliyesema neno. Tulikunja daftari tukalala, ingawa sidhani ni wangapi walipata usingizi.

Bwana Yesu katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, amemwagiza mtu aliyekwisha fika madhabahuni na sadaka yake, akikumbuka kwamba ndugu yake ana jambo juu yake, aiache pale pale aende kwanza akapatane naye. Angalieni, hakuambiwa ahakikishe kwanza ni nani mwenye kosa. Neno hili tulikuwa tumelikariri tangu shule ya Jumapili, lakini kulikariri ni kazi moja na kupanda basi ni kazi nyingine.

Tulikwenda watatu, mkubwa wetu na mdogo wetu pamoja na Baba. Tulimshauri Baba abaki kwa ajili ya kifua, akakataa. Tulimkuta ndugu yetu kazini kwake, anatengeneza pikipiki kando ya barabara, mikono imejaa grisi. Alipotuona alisimama. Ninyi mnajua desturi ya fundi: mikono ikiwa michafu humpa mgeni kifundo. Alimpa Baba kifundo cha mkono. Baba alikiacha, akaushika mkono wenyewe na grisi yake, akaushika kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa pia anatafuta pumzi.

Tungependa kuwaambia kwamba tulilia wote, tukaimba, mambo yakaisha. Haikuwa hivyo. Aliuliza swali moja kwanza: "Zile fedha mmezipata?" Mkubwa wetu akasema hatukuzipata, wala hatukuja kuzitafuta, tumekuja kuomba radhi kwa neno tulilokuita mbele ya mkeo. Alikuwa ameandaa maneno mengi ndani ya basi, lakini hayo tu ndiyo yaliyotoka. Baadaye, chaini na spana zikiwa chini kati yetu, yeye alitueleza habari ya siku zile, nasi tukamweleza yetu, na hesabu hazikulingana hata siku ile. Mpaka leo hazijalingana. Tumekubaliana kuziacha zisilingane, jambo ambalo mweka hazina wa kanisa letu hatalipenda.

Alisema atakuja. Mkewe akasema hataweza, kwa sasa. Alitutengenezea chai, akatuhudumia kwa heshima, lakini akasema jambo hilo bado liko ndani yake na asingependa kusimama kwenye picha akitabasamu. Tulimheshimu kwa hilo. Afadhali yeye kuliko sisi, tuliotaka kutabasamu bila kuulizwa kitu.

Tukarudi Nyamarambe mbio kwa fundi cherehani tupate shati moja zaidi. Fundi akatuonyesha vipande viwili vilivyobaki, havitoshi hata kola. Dukani kitambaa kimekwisha, na Kisii mjini tulipata cha rangi iliyokaribia lakini kikatofautiana kabisa kwenye mwangaza wa jua. Mmoja alishauri sote tubadilishe sare. Tukamkumbusha shilingi 27,600.

Basi mwezi wa Desemba tukasafiri. Ndugu yetu alituungia Nairobi. Katika treni wajukuu walihamahama viti mpaka Voi, na Mama alikaa dirishani tangu Nairobi mpaka Miritini bila kufumba jicho. Kesho yake, saa tisa na nusu, tukateremka ufukweni Bamburi. Mama alitangulia peke yake hadi majini, kitambaa chake kichwani na viatu mkononi, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Ni kweli," akasema, akarudi.

Mpiga picha alikuwa kijana mwenye adabu, anayeijua kazi yake. Alitupanga warefu nyuma, watoto mchangani, wazee katikati kwenye viti. Alipomfikia ndugu yetu aliyevaa shati la kijani katikati ya dhahabu yote ile, alisita kidogo, kisha akamwomba kwa upole, kwa ajili ya uzuri wa picha, asimame safu ya nyuma kabisa, nyuma ya mjukuu mrefu, rangi isijitokeze sana. Alikwisha kugeuka kwenda. Mama akamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hatukulisikia tangu mwaka 2009, akamwonyesha mahali pa kusimama, kati ya kiti chake na cha Baba.

Picha ile sasa imetundikwa ukutani nyumbani, kando ya ile ya mwaka 1974 ambayo tumeitia kioo. Baba amepumua vizuri tangu mvua za masika, tunamshukuru Mungu. Na wageni wakija, wakanywa chai, huinua macho ukutani, wakawasifu wajukuu, halafu huuliza bila kukosa, mbona huyu mmoja amevaa kijani.

Mama huwajibu kwamba kitambaa kilikuwa kimekwisha, akawaongezea chai.

Na tuombe. Ee Baba yetu uliye mbinguni, wakumbuke asubuhi hii wale walio mbali na kwao ambao hakuna anayewapigia simu, na yule shemeji yetu aliyebaki nyumbani kwake. Amina.